Mlango wa Ofisi ya Vibali vya Picha za Watoto

Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu na mwenye uwanja huu. Mkuu wa Kituo cha Polisi pamoja na askari wako wawili, na yule wa tatu uliyemwacha alinde gari langu. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, ambaye naona naye amekosa kiti. Katibu Muhtasi wangu, mama mvumilivu anayezijua kurasa za hotuba hii kuliko ninavyozijua mimi. Walimu wa zamu na walimu wasio wa zamu. Wazazi, walezi, mashangazi na wajomba. Wanafunzi arobaini na watatu wa darasa la mwisho, mliosimama juani kwa nidhamu tangu saa mbili. Wananchi mliokuja kwa hiari yenu, na ninyi mlioitwa. Na mwisho kabisa, kwa kuwa mimi si mtu wa kumsahau mtu, wewe mzee uliyekaa peke yako kwenye benchi la mbele, mtuhumiwa: nawasalimu nyote kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu hivyo hivyo alivyo.

(Makofi ya walimu. Watoto wanabadilisha mguu wa kusimamia.)

Ninayezungumza nanyi ni Naibu Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Idara ya Picha, Taswira na Mambo Yanayoonekana, mtu ambaye, bila kujisifu, maana kujisifu nimewaachia wengine wanisifu na bado hawajaanza, amehudhuria semina kumi na moja juu ya ulinzi wa mtoto katika zama za dijitali, na katika semina hizo zote alikaa mbele. Nimekuja leo kuzindua Ofisi ya Vibali vya Picha za Watoto, ofisi ya kwanza ya aina yake, ambayo mlango wake mnauona pale ukutani umefunikwa kwa kitambaa cheupe, na ambao nitaufunua kwa mkono wangu mwenyewe muda ukifika.

(Sauti ya mzazi kutoka nyuma: "Na muda utafika lini, Mheshimiwa? Sisi wengine tumeacha kazi.")

Muda uko njiani, ndugu yangu. Kabla ya kufunua mlango, historia. Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumzikoni, mtu mzima mwenye kamera alionekana mbele ya ukuta huu huu, akiwapanga watoto wa watu mstari, akiwasimamisha mmoja mmoja na kuwaambia watabasamu.

(Mzee wa benchi la mbele, mpiga picha ambaye watoto wote wanamwita Babu Tabasamu, anainua mkono. "Wasitabasamu, Mheshimiwa. Niliwaambia wasitabasamu. Picha ya fomu ya mtihani haitaki meno.")

Mtuhumiwa atasikilizwa kwa utaratibu wake. Nasema, mtu mzima mwenye kamera. Na hapo ndipo alipotokea mama mmoja shujaa, mshonaji wa nguo, ambaye alikuwa akipita na cherehani yake kichwani, akaona, akatua cherehani, akapiga kelele ambazo, kwa mujibu wa taarifa ya polisi, zilisikika mpaka sokoni. Watu wakajaa. Polisi wakafika. Kamera ikachukuliwa. Mama huyo yupo hapa nasi, na kwa uzalendo wake ndiye pia aliyetupatia kitambaa cheupe cha uzinduzi. Mama, simama watu wakuone!

(Mama mshonaji anasimama nusu. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa mgeni mtaani. Nilikuwa na siku nne tu. Nilikuwa simjui Babu." Mwanawe, wa mwisho katika mstari wa wanafunzi, anaangalia viatu vyake.)

Unyenyekevu wa kishujaa! Mpigieni makofi.

(Hakuna anayepiga.)

Tukio hilo, ndugu wananchi, liliishtua idara yangu, tukakaa, tukatafakari, tukafanya asesimenti, tukawashirikisha stekiholda wote tuliowakuta ofisini siku hiyo, na kabla ya chakula cha mchana tukawa tumetoa Amri Namba Tisa, inayosema kwamba hakuna mtu atakayempiga picha mtoto, kwa kamera, simu au kifaa chochote chenye jicho, bila kibali cha idara, na hakuna duka litakalochapisha picha ya mtoto bila kuonyeshwa kibali hicho. Matokeo yake yanajieleza kwa namba. Kabla ya Amri, picha za watoto zilizopigwa bila kibali katika eneo hili zilikuwa asilimia mia moja. Leo ni sifuri. Picha zilizopigwa kwa kibali nazo ni sifuri. Nani kati yenu aliwahi kuona uwiano mzuri namna hiyo?

(Baba mmoja, fundi baiskeli, anaongea na jirani yake kwa sauti ambayo si ya chini: "Mimi nilikaa kituoni saa sita kwa kuwapiga picha mapacha wangu mwenyewe siku ya kuzaliwa.")

Nimekusikia, fundi, na faili lako nalikumbuka. Uliulizwa swali rahisi, kwamba katika picha hiyo yupi ni yupi, ukashindwa kujibu, jambo ambalo mpelelezi yeyote lingemtia shaka.

("Hata mama yao hajui mpaka waongee!" Kicheko kikubwa, cha kwanza tangu asubuhi.)

Kicheko ni dalili ya uelewa. Naendelea. Serikali haikatazi, inaelekeza. Na ndiyo maana kibali kinapatikana, na kinapatikana kwa hatua chache mno. Mpiga picha atakuja hapa, ataingia kwa mlango ule, atachukua fomu yenye kurasa kumi na sita, ataijaza nakala tatu, na ili kuthibitisha kwamba anaijua kazi yake, ataambatisha picha mbili za watoto alizozipiga yeye mwenyewe.

(Dada mkuu wa shule, msichana mrefu mwenye daftari kifuani, anainua mkono na kusubiri mpaka aruhusiwe. "Samahani, Mheshimiwa. Hizo picha mbili za watoto, anazipiga kwa kibali au bila kibali?")

Kwa kibali, mwanangu. Bila kibali ni kosa.

("Na kibali anakipata wapi?")

Hapa. Kwenye mlango ule.

("Baada ya kuleta picha?")

Baada ya kuleta picha.

("Alizopiga kwa kibali?")

Umeelewa kuliko watu wazima wote nilioongea nao! Mwalimu Mkuu, mtoto huyu ana akili. Mpeni makofi.

(Makofi. Mwalimu Mkuu amefunika uso kwa kiganja.)

Sasa, wapo wanaosema kwamba idara imemwonea mzee huyu, kwamba ni mtu mwema, kwamba amewapiga picha wazazi wenu walipokuwa watoto na sasa anawapiga ninyi. Mimi si mtu wa kuhukumu kwa maneno, mimi ni mtu wa vielelezo, na vielelezo nimekuja navyo. Afande, lete mfuko. Hiki hapa, Kielelezo A, kamera moja nyeusi, kamba yake imefungwa fundo mara mbili. Na hiki, ndugu wananchi, shikeni mioyo yenu, ni Kielelezo B, daftari tulilolikuta kwenye mfuko wa koti lake, na ndani yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, kuna orodha ya watoto. Orodha! Watoto arobaini na wawili, na mbele ya kila mtoto, jina la mzazi, nyumba anakokaa, na maneno ya siri. Tuliyapeleka kwa mtaalamu wa maneno ya siri, bado hajarudi. Sikilizeni ninyi wenyewe. "Mapacha wa fundi: baba amesema sawa, mmoja asivuliwe sweta, ana kikohozi."

("Ni mimi huyo!" anasema fundi baiskeli. "Alikuja kuniuliza gereji kwangu, akanisomea, nikaweka sahihi.")

"Binti wa muuza mkaa: mama amekubali, anataka nakala mbili, moja ya bibi."

("Hiyo yangu mimi!")

"Dada mkuu: shangazi ameweka dole gumba, amesema asipigwe akiwa amekunja uso kama marehemu mjomba wake."

(Kicheko. Dada mkuu anajaribu kukunjua uso. Babu Tabasamu amesimama bila kuambiwa. "Mheshimiwa, hiyo siyo siri. Mimi sipigi picha mtoto mpaka nimuulize mwenye mtoto. Nazunguka nyumba kwa nyumba, nauliza, wanasaini hapo. Miaka thelathini na moja nafanya hivyo.")

Mnasikia? Anakiri kwamba amekuwa akitengeneza orodha kwa miaka thelathini na moja.

(Miguno. Mtu mmoja anapiga mluzi. Mkuu wa Kituo anachungulia daftari, kisha anakaa vizuri kwenye kiti kama mtu aliyekalia kitu.)

Naombeni utulivu. Mwalimu Mkuu ananipungia mkono. Karibu, mwalimu, kwa kifupi.

("Mheshimiwa, nitakuwa mfupi sana. Fomu za usajili wa mtihani wa mwisho zinatakiwa ofisi ya mitihani kesho saa sita mchana. Ninazo arobaini na tatu mezani kwangu, zimejazwa zote, na kila moja ina kijisanduku kitupu cha kubandika picha. Fomu isiyo na picha inarudishwa. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani haendi sekondari. Wapiga picha wengine wawili wa hapa mjini wamebandika tangazo mlangoni kwamba picha za watoto hawazitaki hata kwa kuziona. Mzee huyu alikuwa amekuja kwa barua yangu mimi. Watoto wangu wafanye nini?")

Nimelisikia, na nimelichukua.

("Amelichukua analipeleka wapi?" anauliza muuza mkaa.)

Nililijibu pia kwa maandishi, nikashauri kwamba mwalimu wa sanaa awachore.

("Tulikujibu, Mheshimiwa, kwamba mwalimu wa sanaa aliyepo ni mimi," anasema Mwalimu Mkuu, "na kwamba najua kuchora ramani tu.")

Basi tusipotee njia. Katibu Muhtasi wangu ananivuta koti. Ndiyo, mama, sema. Eti? Sema tena. Ndugu wananchi, nimepokea taarifa yenye uzito. Kama mnavyojua, au kama hamjui basi mjue leo, katika idara yetu mradi hauhesabiwi kuwa umetekelezwa mpaka ripoti yake ibandikwe picha ya watoto wenye furaha wakiwa na kiongozi. Mradi usio na picha haupandi ghorofani kwa wakubwa, na usipopanda ghorofani, hata mimi sipandi. Sasa mpiga picha wa idara ameleta ujumbe kwamba yupo nyumbani, haji, kwa sababu amesikia kwenye uzinduzi kutakuwa na watoto, na yeye hana kibali.

(Mtu mmoja anacheka puani, wa pili anamfuata, uwanja mzima unacheka. Mheshimiwa anafunua kurasa kana kwamba jibu limeandikwa humo.)

Hili si la kuchekesha! Mwezi ujao nina usaili wa kupanda cheo. Mwanangu dada mkuu, naona umeinua mkono tena. Uliza.

("Siulizi, Mheshimiwa, naomba. Mwenye kamera yupo hapa, na kamera ipo hapo mezani. Ungempa kibali cha leo tu, akakupiga picha na sisi. Siyo ya kundi, maana kwenye kundi sura hazionekani. Ni kila mmoja wetu peke yake, wewe na mwanafunzi, wewe na mwanafunzi, mara arobaini na tatu, hapo mbele ya kitambaa cheupe. Ripoti yako itakuwa na picha arobaini na tatu.")

(Mwalimu Mkuu anaondoa kiganja usoni. Babu Tabasamu anaangalia kitambaa cheupe, kisha jua, kisha kitambaa tena.)

Arobaini na tatu. Hakuna idara iliyowahi kupeleka ghorofani picha arobaini na tatu. Mwanangu, ukimaliza shule usitafute kazi kwingine. Naam! Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa yale ambayo sijapewa ila hayajakatazwa, natoa Kibali cha Muda Namba Moja, nakiandika hapa nyuma ya ukurasa wa tatu, ambao kwa hiyo sitausoma, kwamba mzee huyu anaruhusiwa kupiga picha watoto wote walio uwanjani, na picha hizo zichapishwe leo leo, na kibali hiki kitakuwa halali kuanzia sasa mpaka nitakapomaliza hotuba yangu kwa kusema neno la shukrani. Afande, mpe kielelezo chake.

(Mkuu wa Kituo anakata utepe wa kielelezo uliozungushwa kwenye kamera kwa ufunguo. "Shika, Babu. Daftari nalo hili hapa." Babu Tabasamu anaifungua kamera, anatoa betri iliyolala wiki tatu, na kutoka mfuko wa shati anatoa nyingine. "Hii nimeichaji kila asubuhi," anamwambia afande. "Nilijua kuna siku mtaniita.")

Nasimama hapa? Mbele ya kitambaa. Vizuri. Mtoto wa kwanza aje, asimame karibu na kiongozi wake.

("Mheshimiwa, sogea kushoto kidogo," anasema Babu Tabasamu. "Kidogo tena. Tena. Hapo. Bega lako lisimguse.")

Mbona mbali hivi?

("Ni umbali wa kitaalamu.")

Mnaona, ndugu wananchi! Hata katika picha kuna umbali wa kisera baina ya kiongozi na mtoto, na mimi mwenyewe nimeuzingatia kabla ya kufundishwa. Na mbona unamwambia asitabasamu? Ripoti yangu inataka furaha.

("Wewe tabasamu, Mheshimiwa. Tabasamu lako linawatosha wote.")

(Mlio wa kamera. Mtoto wa kwanza anatoka mbio, wa pili anaingia. Mwalimu Mkuu amesimama kando na fomu mkononi, anaweka alama.)

Basi nikiwa nimesimama hapa, wakipita, nihitimishe, maana naona jua limekuwa kali na ninyi mmechoka.

("Hatujachoka!" Ni sauti ya muuza mkaa. "Endelea, Mheshimiwa! Wamepita wawili tu!" Uwanja unaitikia: "Endelea! Endelea!")

Ndugu wananchi! Miaka ishirini natoa hotuba, sijawahi kuambiwa neno hilo. Naendelea! Ofisi hii itakuwa na madirisha kumi na mawili ya huduma, na kila dirisha litakuwa na afisa, na kila afisa atakuwa na kompyuta, na kila kompyuta itaunganishwa na sistimu moja ya kitaifa inayoitambua sura ya mtoto kabla hajazaliwa.

(Makofi ya nguvu. Mtoto wa tisa.)

Tutafunga mashine ya namba ili watu wapange foleni wakiwa wamekaa, na viti vitakuwa na mito, na kutakuwa na chumba cha watoto kuchezea wakati wazazi wao wanahojiwa.

("Hoyee! Ongeza maelezo ya mito!" Mtoto wa kumi na nane. Babu Tabasamu anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati na kusema kwa upole: "Kidevu juu, mwanangu. Macho kwangu. Pumua. Tayari." Fundi baiskeli anawasukuma mapacha mbele, mmoja ana sweta.)

Tutabadilisha maindiseti. Tutajenga uwezo. Tutakuwa na rodimapu ya miaka kumi, na mwaka wa kumi tutakaa kuangalia kama tulianza. Na sasa, kwa masikitiko, kurasa zangu zimekwisha, hivyo naomba niseme neno la shuk...

("Bado!" Uwanja mzima. "Bado, bado! Wa ishirini na saba!" Shangazi wa dada mkuu amepanda juu ya benchi: "Mheshimiwa, rudia ile ya mwanzo! Ile ya vyeo! Wengine tulichelewa!")

Ya vyeo? Mnaitaka tena? Kama wananchi wameomba, mimi ni nani nikatae. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu na mwenye uwanja huu. Mkuu wa Kituo cha Polisi pamoja na askari wako wawili, na yule wa tatu. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi...

("Msome na wa Kamati ya Viti!" Kicheko. Mtoto wa thelathini na tano. Dada mkuu anapita wa arobaini na mbili, uso umekunjuka wote, na shangazi yake anapiga kigelegele kutoka kwenye benchi.)

...na mwisho kabisa, wewe mzee uliyekaa peke yako, ambaye sasa hujakaa. Basi. Wamekwisha?

(Hawajaisha. Mtoto wa mama mshonaji amesimama mbele ya kitambaa, mikono imenyooka, shati limeingizwa. Babu Tabasamu ameshusha kamera. "Huyu hayumo kwenye daftari langu.")

Mzee, kibali kimetoka kwangu. Mimi ndiye mwenye Amri. Piga.

("Chako ninacho, Mheshimiwa, na nakishukuru. Cha mama yake sina. Siku ile nilikuwa sijafika kwao. Nilitaka kwenda jioni.")

(Mama mshonaji anatoka katikati ya watu, bado ana sindano mbili kifuani mwa gauni. "Babu, mimi ndiye niliyekuitia watu.")

("Ulimwona mtu usiyemjua mbele ya mwanao. Ulitaka ukae kimya?" Anafungua daftari kwenye ukurasa wenye nafasi na kumpa kalamu. "Mimi ndiye niliyechelewa kukufikia. Ukiwa na sharti, liandike. Usipotaka kabisa, andika hivyo hivyo, sitapiga.")

Ndugu wananchi, hili halimo kwenye fomu ya kurasa kumi na sita, na muda unakwenda, nami nadhani sasa niseme neno la...

("Nyamaza kidogo, Mheshimiwa!" Ni Mkuu wa Kituo. Kisha anakumbuka yuko mbele ya nani. "Namaanisha, endelea. Endelea na lolote, ila lisiwe lile neno.")

Endelea na lolote. Hali ya hewa ni nzuri. Upepo upo. Kitambaa kinapepea kwa heshima.

(Mama mshonaji anaandika polepole. Babu Tabasamu anasoma kwa sauti: "Mwanangu: sawa. Achanwe nywele kwanza." Muuza mkaa anatoa kitana kwenye mkoba. Mtoto anachanwa na mama yake mbele ya shule nzima, anafumba macho kwa aibu, anayafumbua. Mlio wa kamera. Mwalimu Mkuu anaweka alama ya arobaini na tatu na kukaa chini, pale pale mavumbini, na fomu zake.)

Sasa? Sasa naruhusiwa?

("Ruksa, Mheshimiwa!")

Basi tumalizie kwa kaulimbiu, halafu shukrani. Mimi nikisema PICHA, ninyi mtasema KIBALI KWANZA. Picha!

("Muulize mama!")

Sikusema hivyo. Turudie. Picha!

("Muulize mama! Muulize baba! Muulize shangazi!" Watoto wanaruka juu kwa kila neno.)

Itarekebishwa kwenye ripoti. Mlango nimeufunua, kitambaa hicho nakitoa, mmeuona, ni mlango mzuri, una kitasa. Na sasa shukrani, kwa ufupi, kwa kuwa karatasi ya shukrani ni ndogo. Namshukuru fundi seremala wa mtaa wa pili kwa kutuazima mlango huu, ambao ni wa mteja wake, na ambao tumeuegemeza tu ukutani, hivyo naomba mtu yeyote asijaribu kuufungua, na fundi utauchukua mara tu nitakapoondoka. Namshukuru mama mshonaji kwa kitambaa, ambacho ni shuka na kinarudi kwake leo. Nawashukuru wenye mpango wa bajeti, ambao wameahidi kulifikiria wazo la ofisi hii pindi litakapoandikwa. Naishukuru idara kwa Amri Namba Tisa, ambayo Katibu Muhtasi ananinong'oneza kwamba haikuwahi kutiwa sahihi, kwa kuwa mwenye kusaini alikuwa semina. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe mzee, ambaye hivi punde umeniahidi, mbele ya afande, kwamba jioni hii utazichapisha zote arobaini na tatu, utazikata kwa mkasi wako katikati kabisa, watoto wabaki na upande wao, na upande wangu, bila kupungua hata mmoja, uniletee ofisini. Huo ndio uaminifu ninaoutaka katika nchi! Asanteni sana.

(Makofi, vigelegele, kofia juu. Seremala amekwisha kuubeba mlango begani. Nyuma yake ukuta uko vile vile, na mstari wa chaki wa urefu ambao watoto huchora kila mwaka kujipima. Babu Tabasamu ameondoka na Mwalimu Mkuu kwa haraka, kamera shingoni, na mtoto wa mama mshonaji mbele yao, amembebea daftari.)